Ujiri: Meneja aliyemuuza kipenzi wa mashabiki, akavuna ubingwa

JULAI 16, 2018, Masai Ujiri alikuwa Kogelo, Kaunti ya Siaya nchini Kenya, pamoja na rais wa zamani wa Marekani, Barack Obama. Siku hiyo kilifunguliwa kituo cha vijana cha Sauti Kuu kinachoongozwa na Auma Obama, na taasisi ya Ujiri, Giants of Africa, ilikuwa imesaidia kujenga uwanja wa mpira wa kikapu hapo.

Wageni walipiga picha na watoto walirusha mpira. Siku 2 baadaye, Julai 18, dunia ya mchezo huo ilitikisika. Klabu ya Toronto Raptors ya Canada, ambayo Ujiri alikuwa rais wake, ilitangaza kumpeleka DeMar DeRozan kwa San Antonio Spurs na kumchukua Kawhi Leonard.

DeRozan hakuwa mchezaji wa kawaida. Alikuwa ameichezea Toronto misimu 9 tangu alipofika akiwa kijana mwaka 2009. Mwaka 2016, alipokuwa huru kwenda popote, alisaini mkataba mpya wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 139 ili abaki. Mapema mwaka 2018 alizungumza hadharani kuhusu sonona iliyokuwa ikimsumbua, akawapa moyo wachezaji wengine kusema yao. Mashabiki walimhesabu kuwa mtoto wa nyumbani.

Leonard, kwa upande mwingine, alikuwa amecheza michezo 9 tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha la paja. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kabla ya kuwa huru, na hakukuwa na dalili kwamba angependa kukaa Canada.

Je, meneja anawezaje kumtoa mtu mwaminifu na kumpokea mgeni mwenye jeraha ambaye anaweza kuondoka baada ya mwaka mmoja? Jibu linahitaji kueleza kazi ya meneja mkuu wa klabu ya kikapu ilivyo, na hesabu zinazofanyika kabla ya simu kupigwa.

Mfuko wenye kikomo

Katika ligi ya NBA, utajiri wa mmiliki peke yake hautoshi kununua ubingwa. Klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 15 wenye mikataba ya kawaida, na kila mwaka ligi hupanga ukomo wa mishahara. Msimu wa 2018/19 ukomo huo ulikuwa takriban dola milioni 101.9 kwa klabu. Klabu inaweza kuuvuka ukomo kwa njia chache zinazoruhusiwa, kwa mfano kumsainisha upya mchezaji wake yenyewe, lakini ikifika kiwango kingine cha juu, ambacho msimu huo kilikuwa takriban dola milioni 123.7, huanza kulipa kodi ya anasa.

Zaidi ya hapo, klabu iliyovuka ukomo ikitaka kubadilishana wachezaji na nyingine, mishahara inayoingia haitakiwi kuzidi sana ile inayotoka. Ndiyo maana mazungumzo ya kubadilishana hufanana na mizani ya dukani. Toronto ilimtoa DeRozan aliyekuwa akilipwa karibu dola milioni 28 kwa mwaka, pamoja na kijana Jakob Poeltl wa karibu dola milioni 3. Ikampokea Leonard wa dola milioni 23 na Danny Green wa dola milioni 10. Kujazia, ikatoa pia haki ya kuchagua chipukizi.

Haki hiyo ni mtaji wa tatu wa meneja, baada ya fedha na wachezaji alio nao. Kila Juni klabu huchagua chipukizi kwa zamu katika raundi 2, na zilizofanya vibaya hupewa nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Zamu hizo zinaweza kuuzwa hata miaka kadhaa kabla hazijafika. Ni kama mkulima anayeuza mavuno ya shamba ambalo bado hajalipanda. Anayenunua hubahatisha, na anayeuza pia.

Kwa hiyo meneja mkuu ana vitu 3 mezani: mishahara, wachezaji na zamu. Kazi yake ni kuvizungusha hivyo 3 mpaka thamani iongezeke, huku akikumbuka kwamba kimojawapo ni watu.

Mtoto wa daktari Mkenya

Ujiri alizaliwa Uingereza mwaka 1970 na kukulia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Baba yake ni Mnigeria na mama yake, ambaye ni daktari, ni Mkenya. Alicheza mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha Dakota Kaskazini, Marekani, kisha akahangaika na klabu ndogo za Ulaya bila kuwa nyota.

Alipoacha kucheza aligeukia kusaka vipaji. Mwaka 2002 alianza kazi hiyo na Orlando Magic bila mshahara. Denver Nuggets ikamwajiri mwaka uliofuata, kisha akaenda Toronto, na mwaka 2010 alirudi Denver akiwa msimamizi mkuu wa masuala ya kikapu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa aina hiyo katika ligi kubwa za michezo za Amerika Kaskazini.

Miaka ya kusaka vipaji ilimfundisha jambo ambalo wafanyabiashara wengi hujifunza wakiwa wamechelewa: bei ya kitu na thamani yake ni vitu viwili tofauti. Mwenye faida ni yule anayeona tofauti hiyo kabla ya jirani yake.

Kuuza kabla bei haijashuka

Mtihani wake wa kwanza Denver ulikuwa Carmelo Anthony, nyota wa timu ambaye mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni na aliyetaka kwenda New York. Meneja mwenye woga angesubiri akiomba nyota abadili mawazo, na pengine angebaki mikono mitupu. Meneja mwenye pupa angepokea ofa ya kwanza.

Ujiri alisubiri miezi kadhaa huku wanunuzi wakishindana. Februari 2011 New York Knicks walitoa kundi la wachezaji, wakiwemo Danilo Gallinari na Wilson Chandler, pamoja na zamu ya kuchagua chipukizi. Msimu wa 2012/13 Denver ilishinda michezo 57 kati ya 82 bila kuwa na nyota mmoja mkubwa, na wenzake katika ligi wakamchagua Ujiri kuwa kiongozi bora wa mwaka.

Alipohamia Toronto mwaka 2013, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwondoa Andrea Bargnani, Mwitaliano aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2006 lakini ambaye hakufikia matarajio. Mnunuzi alikuwa New York tena, na miongoni mwa alivyopata Ujiri ni zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka 2016.

Desemba 2013 alimpeleka Rudy Gay kwa Sacramento Kings na kupokea wachezaji 4 wasio na majina makubwa. Wengi walidhani Toronto inabomoa timu. Badala yake ilianza kushinda, na ikamaliza msimu na ushindi 48, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na klabu hiyo.

Hapa ndipo wanaopenda kumsifu meneja wanapotakiwa kupunguza sauti. Wakati huo huo iliripotiwa kuwa Ujiri alikaribia kumuuza pia Kyle Lowry, kiungo wa timu, kwa New York, ila mazungumzo yalivunjika kwa sababu mnunuzi alisita. Lowry huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa uti wa mgongo wa Toronto, na mwaka 2014 alisaini mkataba mpya wa dola milioni 48 kwa miaka 4. Biashara bora aliyofanya Ujiri mwaka huo ni ile iliyoshindikana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukifuata daftari la Ujiri mstari kwa mstari, unaona kitu cha ajabu. Bargnani alizaa zamu ya mwaka 2016, ambayo ilimzaa Poeltl, ambaye alisaidia kumleta Leonard. Gay alimzaa Greivis Vasquez, ambaye mwaka 2015 alikwenda Milwaukee kwa kubadilishana na Norman Powell na zamu iliyomzaa OG Anunoby mwaka 2017. Wachezaji 2 ambao klabu haikuwahitaji tena waligeuzwa sehemu ya kikosi cha ubingwa.

Chaguo la 27 na chaguo la 2

Juni 2016 Toronto ilikuwa na zamu nyingine, ya 27. Ikamchagua Pascal Siakam, kijana wa Douala, Cameroon, aliyesoma seminari kwa matarajio ya kuwa padri na ambaye alianza kucheza kikapu kwa dhati akiwa amechelewa. Mwaka 2012 alishiriki kambi ya NBA ya Waafrika nchini Afrika Kusini, aina ya kambi ambazo Ujiri amezifanyia kazi kwa miaka mingi. Mwaka huo huo wa 2016 klabu ilimchukua Fred VanVleet, ambaye hakuna aliyemchagua katika raundi zote 2.

Katika msimu wao wa kwanza, wote wawili walipelekwa katika timu ya vijana ya Raptors wakacheze badala ya kukaa benchi. Walikuzwa taratibu kama miche kwenye kitalu. Msimu wa 2018/19 Siakam alikuwa akilipwa takriban dola milioni 1.5, akifunga wastani wa pointi 16.9 kwa mchezo. Kwa klabu iliyobanwa na ukomo wa mishahara, kijana anayezalisha kiasi hicho kwa malipo hayo ni faida kuliko nyota yeyote.

Wasomaji wa Tanzania wana mfano wa upande wa pili. Juni 25, 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa 2, akiwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wa 3 alikuwa James Harden na wa 7 Stephen Curry, ambao wote walikuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Wa 9 alikuwa DeRozan.

Thabeet alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, lakini alikuwa ameanza mchezo akiwa kijana mkubwa na bado alihitaji muda. Februari 2010, kabla ya kumaliza msimu wake wa kwanza, alipelekwa katika ligi ya chini, na mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Houston. Alipita katika klabu kadhaa na kumaliza NBA akiwa na wastani wa pointi 2.2.

Ni rahisi kumlaumu mchezaji. Hata hivyo anayechagua wa 2 hununua pia matarajio ya wa 2, na matarajio hayo humkalia kijana mabegani kabla hajajifunza kazi. Siakam alikuwa na bahati ya kuchaguliwa wa 27, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haraka naye.

Neno lililotolewa Las Vegas

Kufikia 2018 Toronto ilikuwa timu nzuri iliyokwama. Mwaka 2016, 2017 na 2018 ilitolewa na Cleveland ya LeBron James, na mara 2 za mwisho ilifungwa michezo 4 kwa 0. Ujiri alimfukuza kocha Dwane Casey aliyekuwa ameshinda michezo 59, na mwezi uliofuata Casey akatangazwa kuwa kocha bora wa ligi. Nafasi yake ilichukuliwa na msaidizi wake, Nick Nurse.

Kisha James alihamia Los Angeles, na njia ya Mashariki ikawa wazi. Ujiri aliona mlango ambao usingekaa wazi muda mrefu.

Wiki hiyo ya Julai, DeRozan alikuwa amekutana na viongozi wa klabu Las Vegas na, kwa maelezo yake, akaondoka akiamini hatauzwa. Alipopata habari, alieleza kwenye mtandao wake hisia za mtu aliyesalitiwa. Ujiri alikutana na waandishi Toronto siku chache baadaye. Alikiri kulikuwa na kutoelewana katika mazungumzo yao na akamwomba radhi DeRozan na familia yake hadharani, lakini hakuomba radhi kwa uamuzi wenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi ya meneja. Mkataba ulimruhusu kumhamisha DeRozan bila kumuuliza. Hakuvunja sheria yoyote. Kilichojeruhiwa ni neno, na neno halimo katika ukomo wa mishahara. Wakala wa mchezaji mwingine anayefikiria kuja Toronto angeuliza: ikiwa DeRozan alifanyiwa hivyo, mteja wangu je?

Kumtunza mgeni

Leonard alifika akiwa amekosana na klabu yake ya zamani kuhusu matibabu ya jeraha lake. Toronto ilifanya uamuzi ambao baadhi ya mashabiki hawakuufurahia: kumpumzisha. Timu ikicheza siku 2 mfululizo, alicheza moja. Katika michezo 82 ya msimu wa kawaida, alicheza 60 tu.

Mwenye duka anayelipa dola milioni 23 angependa kuona mfanyakazi wake kila siku. Lakini Toronto haikumnunua Leonard kwa ajili ya Novemba. Ilimnunua kwa ajili ya Mei na Juni. Ng'ombe anayekamuliwa mfululizo bila kupumzishwa hukauka maziwa wakati wa mahitaji.

Februari 2019 Ujiri aliongeza karata nyingine, akimchukua Marc Gasol kutoka Memphis. Ili kumpata, alimtoa Jonas Valančiūnas, aliyekuwa Toronto tangu 2012.

Mei 12, 2019, katika mchezo wa 7 dhidi ya Philadelphia, Leonard alirusha mpira wa mwisho kutoka kona. Ulidunda mara 4 juu ya pete kabla ya kuingia, na Toronto ikashinda 92-90. Baada ya kuitoa Milwaukee, Juni 13 iliifunga Golden State Warriors 114-110 mjini Oakland na kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Marekani kutwaa ubingwa wa NBA. Siakam na Lowry walifunga pointi 26 kila mmoja. VanVleet, yule ambaye hakuchaguliwa na mtu, alifunga 22.

Mwezi uliofuata Leonard aliondoka kwenda Los Angeles Clippers. Toronto haikupata chochote badala yake, isipokuwa kombe.

Deni la mafanikio

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini daftari halifungwi siku ya sherehe. Miaka iliyofuata Ujiri alionekana kusahau somo lake mwenyewe la kuuza mapema. VanVleet alibaki mpaka mkataba wake ukaisha, na mwaka 2023 akaenda Houston bila Toronto kupata mchezaji wala zamu. Desemba 2023 Anunoby alipelekwa New York, na Januari 2024 Siakam akapelekwa Indiana akiwa katika miezi ya mwisho ya mkataba wake.

Timu ilishinda michezo 25 msimu wa 2023/24 na 30 msimu uliofuata. Wakati huo huo Siakam aliifikisha Indiana fainali za mwaka 2025. Juni 27, 2025, wiki hiyo hiyo fainali zilipokwisha, wamiliki wa Toronto walitangaza kuachana na Ujiri baada ya miaka 12.

Aliyezoea kuwaambia wengine kwamba hii ni biashara, naye aliambiwa hivyo hivyo. Hakuna aliyeweza kusema ameonewa. Wala hakuna aliyeweza kusema hakustahili shukrani.

Mwezi mmoja baadaye alikuwa Kigali, Rwanda, ambako pamoja na Rais Paul Kagame alizindua Zaria Court, mradi wa hoteli, viwanja na maeneo ya biashara karibu na ukumbi wa BK Arena. Jina lake linatokana na mji aliokulia.

Kwa mwenye kampuni, ushirika au shamba lenye vibarua 15, kuna mambo ya kuchukua hapa. Kwanza, jua kila ulicho nacho kina thamani gani kwa mwenzako, maana usichokihitaji wewe kinaweza kuwa mtaji. Pili, kuza watu wako wa chini kabla ya kukimbilia kununua wa bei kubwa. Tatu, aliyeumia apumzishwe, hata kama mshahara wake unauma.

La nne ni gumu zaidi. Siku utakapolazimika kumwondoa mtu aliyekutumikia vizuri, mwambie mapema na mwambie yote. Ujiri alipata kombe kwa kumtoa DeRozan, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini mazungumzo yale ya Las Vegas alilazimika kuyaombea radhi mbele ya watu. Kuyafanya vizuri kusingemgharimu hata senti moja.